Ibara ya 12 inasema binadamu wote ni sawa. Wazo hili tumelipata wapi: dini, Wazungu au wazee wetu?

#1 MwalimuWaZamu
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Uraia kwenye sekondari moja ya Morogoro. Wiki hii tulifika mada ya haki za binadamu, nikaandika ubaoni maneno ya Ibara ya 12 ya Katiba: "Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa." Kijana mmoja wa kidato cha tatu akanyoosha mkono. "Mwalimu, nani wa kwanza kujua kwamba tuko sawa? Maana nikitazama kwa macho, naona hatuko sawa."

Swali lake limenikaa kichwani. Hakuna mtu aliyewahi kuupima usawa kwa mizani. Ni tunu, na tunu lazima iwe na mahali ilipozaliwa.

Msimamo wangu nauweka wazi ili mnipinge kwa hoja: tunu zote kubwa zimezaliwa na dini. Usasa haujazaa hata moja, unaishi kwa mtaji ulioachwa na dini. Ukiiondoa dini, baada ya vizazi viwili vitatu mtaji unakwisha na watu wanabaki na sheria zisizo na roho. Karibuni.

#2 Kifimbo Cheza
Uzi wa maana huu. Naweka kambi, nasubiri nondo.

#3 NuruYaBabati
Mwalimu uko sahihi kabisa. Mwanzo 1:27, mtu aliumbwa kwa mfano wa Mungu. Paulo kwa Wagalatia 3:28: "Hapana mtumwa wala huru." Haya yaliandikwa wakati dola ya Rumi inauza watu kama mbuzi.

Tazama pia nani alipigana na utumwa. Waquaker, dhehebu la Kikristo, wa Germantown, Pennsylvania, waliandika waraka wa kuupinga mwaka 1688. William Wilberforce, mlokole wa wakati wake, alipambana bungeni Uingereza hadi biashara ya watumwa ikapigwa marufuku 1807. Na Zanzibar, Kanisa ndilo lililofunga soko la Mkunazini na kujenga kanisa kuu pale pale.

#4 Tondoo
NuruYaBabati, piga hesabu. Paulo aliandika karne ya kwanza. Waquaker 1688. Katikati hapo kuna miaka zaidi ya 1,600, Biblia ikisomwa kila Jumapili na watumwa wakiuzwa kila Jumatatu. Kanisa la Kiholanzi la Makaburu wa Afrika Kusini lilitumia Biblia hiyohiyo kuutetea ubaguzi wa rangi hadi miaka ya 1980.

Kama sababu ilikuwepo muda wote na matokeo hayakuwepo, basi sababu ni nyingine. Kitu kilibadilika Ulaya karne ya 18. Mwaka 1757 pale Paris walimrarua Damiens kwa farasi wanne hadharani kwa kumjeruhi mfalme kwa kisu. Mwaka 1762 kule Toulouse walimvunja mifupa kwenye gurudumu Jean Calas, Mprotestanti aliyesingiziwa kumuua mwanawe asiingie Ukatoliki. Voltaire, mwandishi na mwanafalsafa wa Kifaransa, akaivalia njuga kesi ile. Mwaka 1764 Cesare Beccaria akatoa kitabu chake cha kupinga mateso na adhabu ya kifo. Haikupita miaka mingi nchi moja baada ya nyingine ikaacha kuwatesa washukiwa. Huko ndiko heshima ya mtu ilikozaliwa, kwenye akili iliyoamka. Makasisi wengi walikuwa upande wa gurudumu.

#5 Abuu Swabra
Assalaam alaykum. Naona mmegawana dunia kati ya Kanisa na Voltaire, mmetusahau. Qur'an sura ya 90, aya ya 13, inakutaja kumwacha huru mtumwa kuwa ndiyo njia ya mlimani, yaani wema mgumu. Sura ya 17:70 inasema Mwenyezi Mungu amewatukuza wanadamu. Haikusema Waislamu peke yao. Ahmad Bey wa Tunisia aliufuta utumwa mwaka 1846. Ufaransa ilifuata 1848, Marekani 1865.

Lakini sitamkwepa Tondoo. Mashekhe na matajiri wa pwani yetu walizisoma aya hizo na wakamiliki watu. Aya ilikuwepo, ikangoja. Kwa nini iliamka Tunis mapema na Unguja ikachelewa? Hilo ndilo ningependa lijibiwe.

#6 Kengeleni001
Nawasalimu kutoka Mombasa. Nairekebisha #3 kidogo kwa sababu ni historia ya nyumbani. Soko la Mkunazini lilifungwa Juni 1873 kwa mkataba ambao Sultani Barghash aliusaini baada ya balozi John Kirk kumwambia kwamba manowari za Kiingereza zitaizingira Unguja. Kanisa lilikuja baada ya hapo, wakapata kiwanja na Askofu Steere akajenga. Na 1873 haikuufuta utumwa wenyewe, ilifuta biashara ya baharini na masoko. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Zanzibar 1897, wenye watumwa wakilipwa fidia, na masuria wakaachwa nje hadi 1909. Kwetu pwani ya Kenya ni 1907. Tanganyika, hadi Waingereza walipotunga sheria 1922. Wajerumani hawakuwahi kuufuta moja kwa moja, walitoa amri 1904 kwamba watoto watakaozaliwa baada ya 1905 watakuwa huru.

Nyanya aliyemzaa nyanya yangu ni katika watumwa waliookolewa na manowari na kuwekwa Frere Town, makazi ya walioachwa huru, na wamishonari wa CMS, Waanglikana wa Uingereza. Kengele ipo mpaka leo, ndipo mtaa wetu ulipopata jina la Kengeleni. Ilikuwa ikigongwa wavamizi wakionekana. Mama alitusimulia kwamba nyanya huyo hakuipenda kengele ile hadi anakufa. Dini aliipenda. Sasa nyie mnaotafuta chimbuko moja, ya nyanya yangu ni manowari au ni Injili? Mimi nimeshindwa kuvitenganisha.

#7 Jembe_na_Kalamu
Kengeleni umegusa penyewe: manowari. Eric Williams, yule aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Trinidad na Tobago, aliandika mwaka 1944 kwamba Uingereza iliachana na utumwa pale mashamba ya miwa ya Karibi yalipoanza kupoteza faida na viwanda vikahitaji vibarua na wanunuzi. Tunu zilikuja nyuma ya pesa. Ushahidi mwingine: utumwa ulipofutwa kwenye makoloni yao kwa sheria ya 1833, bunge lilitenga pauni milioni 20. Zilikwenda kwa wenye watumwa. Waliofanyiwa unyama hawakupata senti. Kama ni tunu ya utu ndiyo iliyosukuma, fidia ingekwenda upande wa pili.

#8 Nondo za Ubungo
Jembe, la fidia halina ubishi. La faida kukwisha lina ubishi mkubwa. Mwanahistoria Seymour Drescher alipitia takwimu za biashara na mwaka 1977 akajibu kwamba mwaka 1807 sukari ya watumwa ilikuwa bado inalipa vizuri sana, Uingereza ilijikata mkono wenyewe. Ikiwa hivyo, bado tunatakiwa kueleza kwa nini watu wa kawaida kule Manchester walitia saini maombi ya kufuta jambo lililokuwa linaliingizia taifa lao pesa.

Sasa niingie kwenye swali la kijana, maana wanasoshiolojia wamelitolea jasho.

Nietzsche, mwanafalsafa Mjerumani, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri, alisema mwaka 1887 kwamba usawa na huruma vilizaliwa na kinyongo. Wanyonge walishindwa kulipiza kwa mkono, wakalipiza kwa maadili: wakaita unyonge wema na nguvu dhambi. Kwake ukijua tunu ilikozaliwa, unaacha kuiheshimu.

Max Weber alikuwa na huzuni zaidi. Katika utafiti wake wa 1904 na 1905 alionyesha jinsi hofu ya wokovu ya Wakalvini, tawi la Waprotestanti, ilivyozaa nidhamu ya kazi iliyolisha ubepari, kisha ubepari ukasimama wenyewe na dini ikabaki kama ganda. Mwaka 1917 akawaambia wanafunzi wa Munich kwamba tunaishi katika dunia ambayo kila kitu kinadhaniwa kinaweza kupigiwa hesabu, na hakuna sayansi itakayokuamulia utumikie tunu ipi. Mwalimu, wewe na Weber mnakaribiana.

Emile Durkheim, mtoto wa rabi, alikwenda njia nyingine. Kapteni Dreyfus wa jeshi la Ufaransa, Myahudi, alifungwa mwaka 1894 kwa kusingiziwa usaliti. Wahafidhina wakasema hata kama hana hatia, heshima ya jeshi itangulie. Durkheim akajibu 1898 kwamba kwa mtu wa leo, binadamu mmoja amekuwa kitu kitakatifu, na anayemdhulumu mtu anatutia kichefuchefu kama muumini anayeona sanamu yake ikinajisiwa. Baadaye, 1912, akaeleza utakatifu unavyozaliwa: watu wanakusanyika, wanacheza, wanaimba, wanapandwa na nguvu kubwa kuliko ya mtu mmoja, na nguvu hiyo wanaibandika kwenye kitu.

Wa mwisho ni Hans Joas, Mjerumani, bado yuko hai. Mwaka 1997 alitoa kitabu kizima juu ya swali hilihili la kijana. Anasema tunu hatuzichagui wala hatushawishiwi nazo kwa hoja. Zinatukamata. Mtu anapitia jambo linalomtoa nje ya nafsi yake: sala, mapenzi, kuokoka, hofu kuu, kumwona mwenzake akiumizwa. Akirudi si yuleyule, na kuna kitu sasa anakiona chema bila mtu kumthibitishia. Sababu na hoja zinakuja baadaye kulinda kilichokwisha kumkamata. Haki za binadamu kwake hazikuzaliwa na Kanisa peke yake wala na Voltaire peke yake. Ni utakatifu uliohamia taratibu kwa kila mtu, ukipitia mikono mingi. Na anamkatalia Nietzsche: kujua tunu ilikozaliwa kunaweza kukufanya uishike kwa nguvu zaidi.

#9 Kifimbo Cheza
Nondo zimeshuka. Huyo Durkheim wa kucheza na kuimba, angekaa jukwaa la mzunguko pale kwa Mkapa siku ya Simba na Yanga angeandika juzuu tano. Watu wasiojuana wanakumbatiana na kulia.

#10 Msukuma Halisi
Wanaolia ni wa upande wenu, Kifimbo. Sisi tunakumbatiana tu 😀

#11 Mnyalu wa Leipzig
Niwape ya huku niliko. Mashariki ya Ujerumani ni kati ya sehemu za dunia zenye watu wachache zaidi wenye dini. Jirani zangu, babu, baba na mjukuu, hakuna aliyebatizwa. Hicho ni kizazi cha tatu, mwalimu, na mtaji haujakwisha. Wananilindia vifurushi vyangu, wanamtunza mgonjwa wa ghorofa ya chini kwa zamu.

Mwaka jana walinialika kwenye Jugendweihe ya mjukuu wao. Ni sherehe ya vijana wa miaka 14 kuingia utu uzima, mahali pa kipaimara. Ukumbi umejaa, akina bibi wamevaa vizuri kuliko harusini, vijana wanaitwa jina kwa jina, wanapewa ua na kitabu. Hotuba ilihusu kumheshimu mtu usiyefanana naye. Mungu hakutajwa. Nilikaa pale Mlutheri mimi kutoka Iringa nikaona nyuso zilezile za siku ya kipaimara changu.

Lakini kuna jambo la pili linalonichanganya. Maandamano yaliyoiangusha serikali ya kikomunisti yalianzia kwenye sala za amani za Jumatatu katika kanisa la Nikolai, hapa mjini. Tarehe 9 Oktoba 1989 waliingia barabarani watu wapatao 70,000, wengi wao hawakuwa waumini. Ujasiri wao waliutoa wapi, kwenye sala wasizoziamini?

#12 MwalimuWaZamu
Mnyalu, asante. Ila huoni kwamba Jugendweihe ni kipaimara kilichotolewa Kristo? Hata jina la sherehe limeazimwa madhabahuni. Wamekula mtaji na sasa wanauza masanduku. Tuwape kizazi cha sita tuone.

#13 Tondoo
Mwalimu, ukisema kila jema wanalofanya wasio na dini ni la mkopo, na kila baya wanalofanya wenye dini ni la shetani, hakuna ushahidi utakaokufikia. Sogeza goli lirudi mahali pake.

#14 Shangazi wa Tandale
Mimi si msomi wa hayo majina. Nimesoma #8 mahali pa kukamatwa na tunu, nikaona niandike.

Nilikuwa binti wa sekondari. Asubuhi moja wamemshika kijana aliyeiba redio. Tayari tairi limeshaletwa, damu inamtoka sikioni, na mimi nilikuwa katika waliokuwa wanapiga kelele "mwasheni!" Sijifichi. Kulikuwa na mama muuza vitumbua pembeni. Aliacha karai lake motoni, akapasua kundi, akafungua khanga ya juu akamfunika nayo yule kijana mwili mzima, kichwa na yote, kisha akamkalia. Akasema, "Huyu sasa maiti yangu. Anayetaka kuwasha aanze na mimi." Hakupandisha sauti. Mkono wake mmoja ulikuwa bado na mwiko unaodondosha mafuta. Watu wakasimama. Mmoja akaanza kuondoka, na wengine wakamfuata.

Hakuna mahubiri niliyoyasikia kabla wala baada yaliyonifanya kile nilichofanywa na khanga ile. Tangu siku hiyo nikisikia kelele za mwizi mwili unanisisimka, na nimeshaingilia kati mara kadhaa, mara moja nikapigwa. Kama huyo Joas anasema hivyo, basi mimi ni shahidi wake.

#15 Nondo za Ubungo
Shangazi, nimeisoma mara mbili. Ahsante sana.

#16 Jembe_na_Kalamu
Heshima kwako Shangazi. Lakini ushuhuda wako unakata pande zote mbili, na hili namuuliza Nondo. Lile kundi nalo lilikuwa limekamatwa. Watu wametolewa nje ya nafsi zao, wanapiga kelele kwa sauti moja, wanajiona wanafanya haki. Hiyo ndiyo nguvu ya Durkheim hasa. Kwa nini tuite cha yule mama kuzaliwa kwa tunu na cha kundi tukiite wazimu? Mikutano ya Wanazi pale Nuremberg miaka ya 1930 ilijaa watu waliokamatwa hivyohivyo.

#17 Nondo za Ubungo
Swali gumu, na Joas mwenyewe hakimbii kusema kwamba kukamatwa peke yake hakuthibitishi kwamba kilichokukamata ni chema. Ndiyo maana anataka tunu isimuliwe, ijadiliwe, ikutane na tunu za wengine. Asubuhi ikifika, lile kundi halina hadithi linaloweza kumsimulia mtoto. Shangazi anayo.

#18 Jembe_na_Kalamu
Wapo wanaowasimulia watoto wao kwa fahari walivyochoma mwizi, nimewasikia vijiweni. Jibu halijanitosha.

#19 Mtumbi wa Kipatimu
Nimewafuatilia kimya tangu #8. Mmetaja 1905 mkapita. Mwaka ule Weber anatoa sehemu ya pili ya utafiti wake kuhusu Waprotestanti na kazi, Wamatumbi wa Nandete waling'oa miche ya pamba ya serikali ya Kijerumani, Julai 1905. Ujerumani ilikuwa inatufundisha hiyo nidhamu ya kazi kwa kiboko. Na mwaka ule Durkheim aliposema binadamu ni mtakatifu, 1898, Waafrika wa Kongo walikuwa wanakatwa mikono kwa ajili ya mpira. Hiyo tunu yenu iliyozaliwa Ulaya ilizaliwa na mipaka.

Lakini sikuja kulalamika. Nimekuja kusema Ngarambe nako kulizaliwa tunu. Mganga Kinjikitile Ngwale alipandwa na pepo Hongo, akaingia kwenye kidimbwi, akatoka na maji. Watu walimiminika wakitoka mbali, makabila ambayo kwa kawaida yalikuwa yanashambuliana, wakanywa dawa moja na kuambiwa ni watu wamoja. Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905 na vita vya Maji Maji vikasambaa hadi Ungoni. Hakuna aliyemsoma Voltaire pale. Hakuna Kanisa. Ni dini yetu wenyewe iliyovuka mpaka wa ukoo na kusema mtu wa kabila lingine ni ndugu. Miaka 49 baadaye TANU inaundwa, na ahadi ya mwanachama inasema binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja. Nyerere alikwenda Umoja wa Mataifa akawataja wa Maji Maji. Mkitafuta Ibara ya 12, pitieni Ngarambe pia.

#20 NuruYaBabati
Kwa heshima zote, dawa ile iliwaambia watu risasi zitageuka maji. Wanahistoria wanakadiria waliokufa kuanzia 75,000 hadi 300,000, wengi kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma mashamba. Na wapiganaji waliwaua wamishonari, akiwemo Askofu Cassian Spiss. Sioni usawa wa binadamu wote hapo, naona umoja wa vita.

#21 Mtumbi wa Kipatimu
Mashamba walichoma Wajerumani, umeandika mwenyewe. Na Wafaransa walipotangaza haki za mtu mwaka 1789, miaka minne baadaye walikuwa wanakata vichwa kila siku. Hakuna anayesema kwa ajili hiyo tunu haikuzaliwa Paris. Kipimo kiwe kimoja.

#22 Abuu Swabra
Hapo umesema kweli, Mtumbi.

#23 Kengeleni001
Turudi kwenye maandishi. Azimio la Haki za Binadamu lilipitishwa Paris tarehe 10 Desemba 1948: kura 48 za ndiyo, hakuna hapana, nchi 8 hazikupiga upande wowote. Kati ya hizo 8 ni Urusi ya Kisovieti na wenzake, Saudi Arabia, na Afrika Kusini. Oneni mchanganyiko huo: wasioamini Mungu, walinzi wa Makka, na Makaburu wa Kikristo, wote wamekaa kiti kimoja.

Na waliolitunga: Eleanor Roosevelt, Mmarekani, René Cassin, Myahudi wa Ufaransa, Charles Malik, Mkristo wa Lebanon, P. C. Chang, Mchina aliyelelewa na fikra za Konfyushasi. Wabrazili walitaka iandikwe kwamba mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Chang akapinga, akisema kuna mataifa yasiyolitazama jambo hivyo. Likaachwa. Walikubaliana juu ya tunu, wakashindwa kukubaliana ilikotoka, wakaamua kuacha pawe wazi. Kilichowakutanisha ni maiti za vita iliyokuwa imekwisha miaka mitatu tu nyuma.

#24 MwalimuWaZamu
Kengeleni, hii nitaipeleka darasani kama ilivyo. Lakini bado: Malik aliiona kwa imani yake, Chang kwa mapokeo yake. Hakuna aliyekuja pale mikono mitupu. Kila mmoja ana hazina ya zamani nyuma yake.

#25 Tondoo
Na hazina hizo zilikuwepo mwaka 1938 pia. Kilichoongezeka ni vita. Mnajibu kila siku kwa kitu kilichokuwepo siku zote.

#26 Msukuma Halisi
Mbona hakuna anayewataja wazee? John Mbiti, kasisi na msomi wa Kenya, aliandika 1969 kwamba Mwafrika husema nipo kwa sababu tupo. Nyerere 1962 alisema Ujamaa hatukuufuata Ulaya, tulizaliwa nao kwenye familia. Azimio la Arusha 1967 linaanza imani yake na "binadamu wote ni sawa", kisha "kila mtu anastahili heshima". Utu tulikuwa nao.

#27 Mama Kokushubila
Msukuma, kaka yangu, hebu subiri. Mimi ni Mhaya wa Muleba, na hao wazee nawajua.

Kuna kesi inayosomwa vyuoni, Ephrahim dhidi ya Pastory. Mwanamke wa kwetu alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1988 akazeeka, hana wa kumtunza, akaliuza Sh 300,000. Mwanaukoo mwanamume akaenda mahakamani: kwa mila ya Kihaya mwanamke analima na kula, hauzi. Mwanamume angeweza kuuza. Mahakama ya mwanzo ikakubaliana na mila. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akasema mila hiyo inambagua mwanamke na inapingana na haki zilizomo kwenye Katiba. Alitumia Katiba na mikataba ya kimataifa. Wazee wetu hawakumsaidia yule bibi hata kidogo.

Na mkumbuke hizo haki ziliingia kwenye Katiba mwaka 1984. Wakati wa uhuru serikali ilikataa kuziweka, ikisema zitakwamisha maendeleo. Azimio la Arusha likasema sote ni sawa, lakini miaka 17 hapakuwa na kifungu cha kumshika mtu. Msitupake utu usoni wakati sisi tulikuwa tunalala kwenye shamba tusiloweza kuliita letu.

Bibi zangu hawakuwahi kusoma lolote. Lakini waliojua kwamba mila ile ni dhuluma walikuwa wao, tangu zamani. Walikuwa wanaliimba wakipalilia migomba, wakiwa peke yao. Kwa hiyo mimi chimbuko nalitafuta kwa anayeumia. Dini na Katiba zilimkuta anajua.

#28 Jembe_na_Kalamu
Mama Koku, hapo Nietzsche angekudaka: angesema hicho ni kinyongo cha wasio na nguvu kilichovikwa nguo ya haki.

#29 Mama Kokushubila
Akiite anavyotaka. Yeye hakuwahi kunyang'anywa shamba aliloliandikiwa na baba yake. Kuumia kwa mtu hakugeuzi uongo kuwa kweli, wala hakugeuzi kweli kuwa uongo. Nionyesheni kwanza kwamba bibi yule alikosea.

#30 WakiliPorini
Nimeona kesi imetajwa, niongeze ya baadaye ili picha isiwe ya ushindi tu. Wajane wawili wa Shinyanga walipinga mila ya urithi inayowanyima mali za waume zao. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba mila ile inabagua, kisha ikakataa kuifuta, ikihofia kuzigusa mila zote za nchi. Wakapeleka malalamiko kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake, na 2015 kamati ikasema Tanzania imevunja wajibu wake. Ibara za usawa ni zilezile alizotumia Mwalusanya. Nondo, mtaalamu wako analielezaje hilo?

#31 Nondo za Ubungo
Joas anasema tunu haisimami peke yake. Kuna kinachothaminiwa, kuna kinachotendwa kila siku nyumbani na mitaani, na kuna taasisi kama mahakama na bunge. Vitatu hivi vinavutana na chochote kinaweza kuanza. Waquaker walianza na matendo, walikuwa wanajitenga na wenye watumwa kabla ya sheria. Zanzibar ilianza na taasisi, kwa manowari. Mwalusanya alikuwa taasisi iliyotangulia matendo, na 2006 taasisi ikarudi nyuma. Kikibaki kimoja peke yake kinachechemea.

#32 Tondoo
Hiyo inanieleza jinsi tunu inavyodumu. Kwa nini Ulaya ilianza kuacha gurudumu karne ya 18 na si ya 12, bado. Nitarudi na ya Beccaria nikitoka kazini, na Mtumbi naomba uniambie waliokwenda Ngarambe walikuwa wanaambiwa nini juu ya watumwa wa Waarabu wa Kilwa, maana hapo ndipo nitajua kama undugu ule uliwahusu wote.

#33 Mtumbi wa Kipatimu
Swali zuri. Nipe hadi Jumapili, nimpigie mzee wangu wa Kipatimu kwanza.